Marufuku Kukohoa

Jumatatu asubuhi, kabla kahawa haijachemka, ilipigwa marufuku kukohoa katika nyumba ya Baudelio Arreola.

Marufuku hiyo ilitangazwa na Baudelio mwenyewe, akiwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mikono juu kama padri anayebariki waumini. Pamoja na kukohoa, alikataza pia kupiga chafya, kufagia, kubamiza mlango, kukaanga pilipili, kuwasha drai ya nywele, na kucheka. Wenye kicheko kisichozuilika waliruhusiwa kwenda nacho uani.

"Na kupumua?" aliuliza mkewe, Nohemí.

"Pumua. Ila ukitazama upande mwingine."

Chanzo cha sheria hizi kilikuwa kimekaa juu ya kabati la droo, ndani ya boksi la keki lililokatwa upande mmoja. Lilikuwa jiwe la kahawia, kubwa kama mkate na lenye sura ya kiazi kilichosahauliwa. Lakini katikati lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu zilikuwa zimeota sindano nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, shada juu ya shada, za rangi ambayo haijaamua kama ni ya bluu au ya kijani. Wenye elimu yao huliita auricalcita. Sisi wa Mapimí, mji mdogo wa migodi kaskazini mwa Mexico, huliita unyoya, maana ukilipumulia linainama, na ukilipumulia tena halipo.

Tatizo ni kwamba chumba hicho kilikuwa na mkazi mwenye haki za zamani zaidi. Kitanda cha don Cuco, baba yake Baudelio, kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kabati. Don Cuco alichimba katika mgodi wa Ojuela tangu ndevu hazijaota mpaka zilipoota mvi, na mlima, kwa kumshukuru, ukamjaza kifua vumbi lake. Hakuwa akikohoa kama watu. Alikohoa kama lori linalokataa kuwaka alfajiri ya baridi: kwanza mngurumo, kisha mitetemeko, kisha kimya cha kutisha, kisha mngurumo tena.

Walikuwa wamejaribu kumhamishia chumba cha mbele, ambako Nohemí alikuwa na saluni yake. Mzee alikohoa mara moja tu, na upande wa pili wa ukuta wa mbao sindano mbili zikaanguka. Baudelio aliziona zikianguka, na uso wake ukawa wa mtu aliyeona meno yake mwenyewe yakidondoka.

Kwa hiyo sasa alimtazama baba yake. Nohemí alimtazama Baudelio. Mzee alilitazama jiwe.

"Sema tu," alisema don Cuco. "Usizunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Ni siku chache, baba."

"Wapi?"

"Banda la mbuzi. Nimelifagia vizuri."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi tulishawauza, baba."

"Basi hata wa kuzungumza naye sina."

Asije mtu akasema kwamba Baudelio hakumpenda baba yake. Jiwe lenyewe lilikuwa kwa ajili ya mzee. Daktari wa zahanati alikuwa amesema wazi kwamba, bila mashine ya oksijeni, don Cuco hataliona joto la mwaka huu. Na mjini Torreón kulikuwa na mnunuzi wa mawe aitwaye Leopoldo Treviño, ambaye watu wote walimwita Inge, yaani mhandisi, ingawa hakuna aliyewahi kuona alichohandisi. Inge alikuwa na mashine hiyo stoo. Ilikuwa ya mama mkwe wake, ambaye hakuihitaji tena, kwa sababu ile ile inayowafanya watu wengi wasihitaji tena mashine za kupumulia. Baudelio alipomtumia picha ya jiwe kwa simu, jibu lilirudi haraka: jiwe kwa mashine, mkono kwa mkono. Nitapita kabla sijaenda kwenye maonyesho ya mawe kule Arizona. Usiliguse. Usilipumulie. Usilisalie hata sala kwa sauti.

Hivyo ndivyo mzee alivyotolewa nje kwenye baridi ya Januari, ili apate kupona kifua.

&nbsp;

Doña Chole, jirani wa upande wa kisima, alikuja kutengenezwa nywele kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu wake. Nohemí alimwosha, akamsokota rola kichwa kizima, kisha akampa taulo.

"Drai imeharibika?" aliuliza doña Chole.

"Haijaharibika. Imekatazwa."

"Imekatazwa na nani, meya?"

Nohemí alionyesha ukuta wa mbao kwa kidevu. Doña Chole akakunja midomo. Habari za jiwe alikuwa nazo. Mji mzima ulikuwa nazo, kwa kuwa siku ya Jumamosi Baudelio alivuka daraja la kuning'inia la Ojuela akitoka mgodini, amelipakata boksi la keki, akitambaa kwa mwendo wa konokono mwenye mimba, na nyuma yake watalii wamejipanga hadi kilimani wakimtukana kwa lugha mbalimbali.

"Mmoja wao aliuliza kama ndani kuna mwili wa Bwana," alisema doña Chole. "Nikamwambia, hapana, ndani kuna mwili wa Inge Treviño. Maana anayenenepa kwa mawe yenu ni yeye." Alijifunika taulo, akatetemeka. "Sasa mimi nikae na kichwa chepechepe kwenye baridi hii, nife, mniweke kwenye boksi la keki?"

"Ukae juani uani, doña Chole. Zitakauka."

Doña Chole akatoka uani. Alirudi upesi kuliko alivyotoka.

"Nohemí. Baba mkwe wako yuko kwenye banda."

"Anapumzika."

"Hata wale mbuzi walikuwa wanapumzika mle. Kisha mkawauza."

Nohemí akashika kitana. Doña Chole aliondoka na rola zake kichwani, akasema zitakaukia huko huko njiani, na kwamba malipo nayo yasubiri yakauke.

&nbsp;

Inge alisema Alhamisi. Alhamisi akasema Ijumaa, kwa sababu ya tairi. Ijumaa akasema Jumamosi, kwa sababu ya misa ya kumwombea mama mkwe, yule mwenye mashine. Kila baada ya simu, Baudelio alikwenda bandani kutoa taarifa, kama kiranja anayepeleka habari mbaya kwa mwanafunzi aliye kwenye adhabu.

"Kesho, baba. Bila shaka."

"Mwambie asiharakishe," alisema don Cuco. Alikuwa ameketi kitandani, blanketi hadi masikioni, mgongo umeegemea bati. "Hapa nimestarehe. Usiku nyota zinaingia bila kubisha."

Sentensi hiyo aliimaliza kwa awamu. Kati ya awamu na awamu alivuta hewa kwa mabega.

"Nimekuletea mto," alisema Baudelio.

"Ninao."

"Huu si wa kulalia." Baudelio alikwangua ardhi kwa kiatu. "Huu ni wa... Ukikohoa, kohoa ndani yake. Upepo ukielekea nyumbani, sauti inafika."

Don Cuco aliupokea mto. Aliugeuza, akaupiga piga, akaukagua kama mtu anayenunua bata mzinga wa sikukuu.

"Baudelio, mwanangu. Miaka yote ile niliingia mlimani. Sasa mlima umeingia kitandani kwangu, na mimi nimetolewa nje." Akakohoa ndani ya mto, muda mrefu. Alipoutoa usoni, midomo ilikuwa na rangi ambayo Baudelio alikuwa ameiona mahali fulani, ingawa hakupenda kukumbuka ni wapi. "Lilianguka?"

"Nini?"

"Jiwe lako. Nenda katazame."

Na Baudelio akaenda kutazama. Hilo ndilo jambo lililomchekesha mzee zaidi, na kwa kuwa alikuwa nje tayari, hakuhitaji ruhusa.

&nbsp;

Jumamosi asubuhi, maji ya ndoo yaliamka na ngozi ya barafu. Baudelio alikwishatoka kwenda kusimama barabarani, kumsubiri Inge pale mtu anapoanza kuonekana kutoka mbali. Nohemí alipeleka bandani kahawa na gordita, mkate mnene wa mahindi wenye maharage ndani, na alipomsemesha mzee, mzee alijibu kwa macho.

"Baba. Kunywa kidogo."

Don Cuco aliinua mkono, akaushusha. Kikombe kilikuwa kizito mno kwake. Alitaka kutia utani. Ulionekana ukija, ukapanda mpaka kooni, ukakosa hewa ya kutokea.

Nohemí alirudi ndani, akasimama mbele ya jiwe huku mkono ameziba mdomo kwa mujibu wa sheria. Alizitazama zile sindano zikitikisika kwa sababu tu yeye alikuwa amefungua mlango. Kila nywele ilikuwa imesimama peke yake. Na nywele kusimama, kama kuna mtu katika Mapimí aliyeijua kazi hiyo, ni yeye. Alikuwa amewatoa maharusi kutoka kanisani wakiwa na minara kichwani, wakapita katikati ya tufani la vumbi la Machi, na minara ikafika ukumbini bila kupoteza hata unywele.

Amri ilisema usiguse. Hakugusa. Amri ilisema usipumulie. Hakupumulia. Alisimama mbali, mkono umenyooka, na akapuliza spreyi hewani juu ya boksi, ukungu mwembamba ushuke wenyewe, kama anavyofanya kwa nywele za wagonjwa. Akasubiri. Akapuliza tena. Kisha mara ya mwisho, ya baraka.

Sindano ziling'aa kidogo. Aliupunga mkono karibu nazo. Hazikutikisika. Akalipulizia pumzi, kwanza kwa woga, kisha kama mtu anayezima mshumaa. Hazikutikisika. Nohemí akakimbia bandani, akamshika mzee chini ya makwapa, akamburuta hadi chumba cha nyuma na kumketisha kwenye kitanda chake mwenyewe, chenye joto la ukuta wa jiko.

"Baba, likoholee."

Don Cuco alimtazama kama anatazama mwanamke aliyerukwa na akili.

"Likoholee usoni. Kwa nguvu zote."

Mzee hakuwa na haja ya kuombwa mara mbili; kikohozi kilikuwa kimejipanga mlangoni tangu Jumatatu. Kililipuka. Droo ziligongana, kioo cha picha ya Santo Niño, yaani Mtoto Yesu, kikacheza ukutani, vumbi likadondoka darini. Jiwe likatulia kama bibi harusi.

Wakacheka wote wawili, Nohemí akilia machozi, mzee akipiga kitanda kwa kiganja.

"Umelifanya nini?" alifaulu kusema.

"Nimelitengeneza nywele, baba."

Baudelio aliporudi kutia maji mdomoni na kumkuta baba yake kitandani, alitaka kupiga kelele, akakumbuka sheria, akapiga kelele kwa kunong'ona. Mzee akakohoa mbele yake. Baudelio akafumba macho. Alipoyafumbua, jiwe lilikuwa lile lile.

"Limenizoea," alisema don Cuco. "Hata mama yako alichukua muda."

Na Baudelio, aliyekuwa amechoka na aliyetaka sana kuamini, akaamini.

&nbsp;

Inge Treviño alifika adhuhuri kwa pikapu nyeupe, na nyuma ya pikapu, imefungwa kwa kamba na kufunikwa shuka la maua, ilikuwepo mashine. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye manukato. Alimsalimia Nohemí kwa kuinama, alimkumbatia Baudelio, alimpa don Cuco mikono yote miwili.

"Mzee wangu! Wameniambia unasumbua nyumba nzima."

"Najitahidi," alisema don Cuco.

"Kwanza afya, kisha biashara. Baudelio, ishushe. Tuiunganishe, mzee apumue wakati mimi najuana na mrembo wako."

Hakuna aliyetegemea ukarimu huo. Mashine ilichomekwa ukutani, ikanguruma kama friji, na Inge mwenyewe akampachika mzee mpira puani, akauzungusha nyuma ya masikio kwa uangalifu wa muuguzi. Mpira ulikuwa mpya, bado na harufu ya mfuko wake.

Rangi ilirudi kwanza kwenye kucha. Kisha midomo. Mabega yakashuka kutoka masikioni, mahali yalipokuwa yakiishi tangu Krismasi. Don Cuco alivuta hewa, akaitoa, akaivuta tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyeonja kitu alichokula utotoni.

"Nohemí," alisema, "nataka gordita yenye asado ya nguruwe, pilipili nyekundu nyingi, uikaange hapa hapa, na hao wanaokohoa wakakohoe kwenye banda."

Ilikuwa sentensi nzima, bila kituo. Baudelio aligeuka ukutani akafuta macho kwa kiwiko.

Inge alicheka pamoja nao, akatoa lenzi yake ndogo na tochi, akainama mbele ya boksi la keki. Aliwasha tochi, akaizima, akaiwasha kutoka upande mwingine.

"Ni zuri, eh?" alisema Baudelio.

Inge alisogeza pua. Akanusa. Akageuka polepole.

"Nani humu ndani amesukwa leo?"

"Kule mbele ni saluni, Inge," alisema Nohemí. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nimeiona. Mimi nauliza hili jiwe. Lilipitia huko?" Alimpa Baudelio lenzi. "Tazama. Zinatakiwa zing'ae kama hariri. Hizi zinang'aa kama kiatu. Tazama ncha: zimeshikana nne nne, kama nywele za mtu aliyetoka bafuni. Mama, umelipulizia spreyi."

Mashine iliendelea kunguruma. Baudelio aliangalia ndani ya lenzi muda mrefu, kwa kuwa akiitoa ingebidi amwangalie mkewe.

"Nohemí?"

"Kidogo tu. Kwa mbali."

"Linaoshwa," alisema Baudelio haraka. "Inge, hilo linaoshwa. Kuna pombe kali, kuna..."

"Lioshe," alisema Inge, bila hasira hata kidogo. "Uoshe na utando wa buibui ukimaliza. Rafiki yangu, watu wa Arizona hawanunui jiwe. Wananunua kitu ambacho hakuna aliyekigusa tangu mlima uumbwe. Hili limekwenda saluni." Akatoa simu, akapiga picha, akasogea, akapiga nyingine. "Samahani. Wenzangu hawataniamini bila picha."

"Nilitaka baba aingie ndani," alisema Nohemí. "Alikuwa anakufa kule nje."

"Angevumilia mpaka saa sita!" Sasa Baudelio alipiga kelele ya kweli, ya kwanza tangu Jumatatu. "Saa sita tu, mwanamke! Tungekuwa na mashine!"

"Ya kuweka juu ya kaburi," alisema don Cuco. Sauti yake ilikuwa safi, nzito, ya mchimbaji aliyezoea kuita kutoka chini. "Ingependeza. Ungeipanda na maua."

Inge alikuwa amepiga magoti kwenye soketi.

"Mzee wangu, sina ubaya na wewe," alisema. "Kuna mtu kule mji wa Gómez Palacio ananisubiri na jiwe lake. Vuta ya mwisho, taratibu, jaza kifua. Hivyo. Vizuri."

Akachomoa waya. Mngurumo ukashuka, ukawa mluzi, ukaisha. Mabega ya don Cuco yalibaki chini kidogo, kama hayajapata habari, kisha yakaanza kupanda. Baudelio, kwa kuwa alikuwa na adabu, alimsaidia Inge kubeba mashine hadi kwenye pikapu, na ni yeye aliyekaza kamba na kulirudisha lile shuka la maua.

Inge aliingia garini, akashuka tena, akarudi chumbani na kuuchomoa mkono mfukoni, umeshika mpira.

"Nilikuwa nausahau. Huu mpira wa puani nawaachia. Umeshatumika, siwezi kumpa mtu mwingine. Ni mambo ya usafi."

&nbsp;

Sheria zilifutwa. Drai iliwashwa, pilipili zikakaangwa, milango ikabamizwa, hasa na Baudelio, ambaye tangu Jumamosi alikuwa anazungumza na mkewe kupitia milango. Doña Chole alirudi na nywele zilizolala kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe, akadai zitengenezwe upya bure, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye.

Jiwe lilibaki juu ya kabati. Lilikuwa limekwenda viral, kama wasemavyo vijana; mtu fulani kule Arizona alikuwa ameandika chini ya picha yake bei ya kunyoa na bei ya kuosha. Watu walipita kulitazama. Don Cuco aliwapokea kitandani, mpira wa puani ukiwa mahali pake, nyuma ya masikio, na ncha ya pili ameichomeka kwenye mfuko wa shati.

"Umeunganishwa na nini, don Cuco?" waliuliza.

"Na pensheni yangu," aliwajibu, pumzi kwa pumzi. "Ndiyo maana... hautoi... kitu."

Jumapili mchana, doña Chole akiwa chini ya drai, Nohemí ameshika kitana na Baudelio anakoroga sufuria jikoni, kikohozi kilianza chumba cha nyuma. Kilianza kama siku zote, kwa mngurumo. Kisha mitetemeko. Droo zikagongana, kioo cha Santo Niño kikaanguka ukutani na kuvunjika. Kisha kikaja kimya kile cha kutisha, na wakasubiri mngurumo wa pili.

Haukuja. Wakakimbia, Nohemí na kitana, Baudelio na kijiko, wakagongana mlangoni. Na kwa mazoea ya wiki nzima, wote wawili walilitazama jiwe kwanza.

Halikuwa limetikisika, hata unyoya mmoja.

Kisha wakamtazama mzee. Naye vilevile.